Vidonge vya Saratani na Jibu Tulilolitoa kwa Haraka



Wasomaji wetu wengi wa Pwani huijua Kiamaiko kwa jambo moja tu, nalo ni mbuzi. Ni kata iliyomo katika eneo bunge la Mathare, jijini Nairobi, jirani na Huruma, na malori huteremsha hapo mbuzi waliotoka Isiolo, Marsabit na Moyale. Wachinjaji, wachunaji na wachuuzi wa hapo wengi ni ndugu zetu Waislamu, Waborana na Wasomali, na kati yao wamo pia watoto wetu wa Pwani waliokwenda kutafuta riziki. Miaka michache iliyopita tulialikwa huko kutoa darsa za Ramadhani. Haya tunayoyaandika leo yalitufika katika safari hiyo, na tumeyaandika kwa idhini ya mwenyewe, ambaye alitutaka jambo moja tu, tusimtaje jina.

Usiku wa tatu, baada ya darsa, alitujia mzee mchinjaji wa miaka sitini na kitu. Alikuwa amepasuliwa utumbo mpana kwa ajili ya saratani, na hospitali ilikuwa imempa vidonge vya kumeza nyumbani. Akatuuliza, “Sheikh, mimi nameza dawa asubuhi na jioni. Nifunge?” Tukamuuliza mwili wake u hali gani. Akajibu, “Nina nguvu, alhamdulillah.” Nasi tukamwambia, “Basi funga, mzee wetu, na dawa zako ziweke futari.” Haikufika dakika moja. Nyuma yake palikuwa na safu ya watu wakingoja kutupa mkono, nasi tulikuwa tunauangalia mlango.

Hatukumuuliza ni dawa gani.

Mzee alitii. Juu ya bahasha yake paliandikwa 3×2, yaani vidonge vitatu, mara mbili kwa siku. Kwa kuwa sheikh amesema dawa ziwekwe futari, yeye akawa avimeza vyote sita kwa pamoja, juu ya tende na uji. Ilipofika siku ya tano tumbo likaanza kumwendesha. Mdomo ukafanya vidonda. Viganja vikawa vyekundu mithili ya mtu aliyetia mikono katika maji ya moto, kisha ngozi ikaanza kubanduka, hata kisu hakikushikika tena. Hakumwambia mtu. Alidhani ni mtihani wa saumu, na kwamba kufungua ni kushindwa. Siku ya tisa binti yake alimkuta amelala kwenye mkeka hawezi kuinuka, akamchukua hospitali, akawekewa maji ya mshipa na vidonge vikasimamishwa.

Binti huyo alitupigia simu. Hakutulaumu, na laiti angetulaumu ingetuwia nyepesi zaidi. Alisema tu, “Sheikh wangu, shikamoo. Nilitaka kujua, babangu ulimuuliza anatumia dawa gani?”

Tangu siku hiyo tumekaa na wafamasia, wauguzi na wagonjwa wenyewe, Nairobi na Mombasa, tukauliza kama wanafunzi wa chuoni waulizavyo. Haya ni baadhi ya tuliyoyapata. Hayachukui nafasi ya daktari wa mgonjwa, na msomaji yeyote atakayetoka hapa akabadilisha dawa yake kabla ya kuzungumza naye atakuwa ametufahamu kinyume.

La kwanza ni kwamba vidonge vya saratani si dawa moja. Watu husema “kemo ya kumeza” kana kwamba ni kitu kimoja, kumbe kila kimoja kina sharia yake. Dawa ya mzee wetu ilikuwa kapesitabini. Hiyo humezwa mara mbili kwa siku, baina yake yapata saa 12, ndani ya nusu saa baada ya chakula, kwa maji. Tena haimezwi daima. Kwa kawaida ni siku 14 za kumeza kisha siku 7 za kupumzika, halafu mzunguko huanza upya. Mwenye kuimeza siku za mapumziko kwa kudhani anajiongezea shifaa anajidhuru. Tamoksifeni, ambayo mama zetu wengi waliougua saratani ya matiti huitumia, ni mara moja kwa siku, na huendelea kwa miaka mitano, wengine kumi. Imatinibu, ya saratani fulani ya damu, humezwa pamoja na chakula na gilasi kubwa ya maji. Nilotinibu, ambayo ni ya ugonjwa uo huo, hutaka tumbo tupu, yaani saa mbili tangu kula na saa moja kabla ya kula tena. Angalieni tofauti hiyo. Wagonjwa wawili wa maradhi mamoja, nyumba moja, mmoja aambiwa ale kwanza, mwenzake aambiwa asile. Jirani akikupa shauri kwa dawa yake, amekupa shauri la mtu mwingine.

Tukae kidogo kwenye imatinibu, kwa kuwa ndiyo iliyobadilisha mambo. Iliruhusiwa Marekani mwezi wa Mei 2001, na jina lake la dukani ni Glivec. Kabla yake, saratani ya damu iitwayo lukemia sugu ya mailoidi ilikuwa hukumu ya miaka michache. Kidonge hiki huiziba protini mbovu inayoziamrisha chembe nyeupe zizaliane bila kikomo, na mgonjwa huweza kuishi, kufanya kazi na kulea wajukuu. Bei yake haikuwa ya watu wetu. Kuanzia 2002 kampuni ya Novartis na shirika la The Max Foundation walianzisha mpango wa kuwapa bure wagonjwa wasiojiweza katika nchi nyingi, na hapa Kenya wagonjwa kutoka kila pembe wakawa wakienda kliniki ya Glivec katika Nairobi Hospital. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani likaiingiza katika orodha yake ya dawa za lazima.

Sasa, ubaya wa dawa nzuri ni kwamba mgonjwa hujiona amepona. Afya imerudi, uzito umerudi, ya nini kujisumbua kila siku? Mwaka 2010 madaktari wa hospitali ya Hammersmith, London, walichapisha habari za wagonjwa 87 waliokuwa wakitumia imatinibu kwa miaka. Kwa miezi mitatu walihesabu vidonge kwa chupa zenye vifuniko vya kunakili kila zinapofunguliwa. Wale waliomeza asilimia 90 au chini ya vidonge vyao, wachache kati yao ndio waliofikia kiwango kizuri cha kuudhibiti ugonjwa. Wale waliozidi asilimia 90, karibu wote walifika. Na asilimia 10 ni nini? Katika mwezi wa siku 30 ni siku tatu. Siku moja ya harusi, siku moja ya safari, siku moja ya kusahau, hesabu imetimia. Basi mgonjwa akiamua kwa rai yake kuiacha dawa Ramadhani nzima, tumwambieje?

Hapa ndipo tunaporudi kwenye fiqhi, maana ndipo tulipokosea.

Kidonge kikimezwa mchana wa Ramadhani kinabatilisha saumu, hilo halina mjadala katika madhehebu yetu ya Shafii. Lakini mgonjwa kafunguliwa mlango na Mola wake mwenyewe. Aya za 184 na 185 za Suratul Baqara zimempa ruhusa ya kula na kulipa siku nyingine, na asiyetarajiwa kupona hadi aweze kulipa, juu yake ni fidia, kibaba kimoja cha chakula kwa maskini kwa kila siku. Na aya ya 195 ya sura hiyo hiyo inakataza mtu kujitia katika maangamizi kwa mikono yake. Haya yote tuliyasoma tungali watoto, tukaketi nayo kwenye jamvi, tukayahifadhi. Kilichotupungukia siku ile hakikuwa elimu ya saumu. Tulipungukiwa na kuuliza.

Kwa mwenye dawa ya mara moja kwa siku ambayo hutaka chakula, kama imatinibu, kuihamishia kwenye futari mara nyingi ni jambo linalowezekana, iwapo daktari ameridhia na mwili umetulia. Kwa mwenye dawa ya mara mbili hesabu ni nyingine. Sisi wa huku ikweta tuna neema kwamba mchana wetu hauzidi sana. Nairobi hufuturu karibu saa 12 na dakika 40 za jioni, na tangu Magharibi hadi Alfajiri ni kama saa 10 na nusu. Ndugu zetu wa Ulaya ya kaskazini, Ramadhani ikiangukia kiangazi, usiku wao hauwafikii hata saa 6. Je, saa 10 na nusu zatosha kuwa mahali pa saa 12? Jibu hilo si la sheikh. Ni la daktari, naye hatazami saa tu, hutazama pia figo, tumbo na maji ya mwilini. Dawa inayoweza kuleta kuhara haikubaliani na mtu anayeshinda mchana kutwa bila tone la maji. Mzee wetu alipatikana na mambo yote mawili kwa pamoja, dozi iliyolundikwa na mwili uliokauka, na daktari aliyempokea alituambia kwamba hata lingekuwa moja tu lingetosha kumlaza.

Binti alituonyesha jambo jingine pale pale wodini. Katika karatasi ya kliniki paliandikwa kwa Kizungu 8 asubuhi na 8 usiku. Mama wa nyumbani aliisoma ile 8 kwa saa zetu za Kiswahili, na kwa muda wa wiki mbili kabla ya Ramadhani alikuwa akimpa mumewe dozi ya kwanza saa nane mchana, na ya pili saa mbili za usiku, kwa kuwa usiku wa saa nane watu wamelala na aliona haiwezi kuwa ndiyo. Baina ya dozi na dozi ikawa saa 6. Hakuna aliyekuwa mjinga hapo. Saa mbili asubuhi ya Mswahili ni saa nane ya Mzungu, na karatasi haikusema ni saa ya nani. Tangu hapo tunawahimiza watu waandike wenyewe kwa kalamu yao kwenye boksi, “baada ya chai ya asubuhi” na “baada ya chakula cha usiku.”

Kuhusu dozi iliyosahauliwa, kauli ya wafamasia wote tuliowauliza ni moja: usiongeze maradufu. Ukisahau na wakati wa nyingine umekaribia, iache iliyopita, endelea na ratiba, na uiandike ili ukaiseme kliniki. Hata ukitapika baada ya kumeza, usirudie kumeza kwa rai yako.

Kisha kuna yale ambayo mgonjwa hayasemi kliniki kwa haya au kwa kuona hayahusu. Twataja machache tuliyoyaona Kiamaiko na kwetu Pwani. Kifua kikuu ni kingi katika mitaa ya Eastlands, na rifampisini inayokitibu hulifanya ini liisage imatinibu upesi mno, ikawa mgonjwa ameza kila siku na dawa haifiki kiwango. Vivyo hivyo baadhi ya dawa za kifafa. Dawa fulani za fangasi na za kuua bakteria hufanya kinyume, huipandisha. Dawa ya kuzuia damu kuganda, warafarini, ikikutana na kapesitabini yaweza kuleta kutokwa damu kwa hatari. Balungi, tunda ambalo sisi tunalipenda kwenye futari, huzuia kusagwa kwa imatinibu na nilotinibu. Mwenye dawa hizo alisamehe. Miraa, ambayo hatukuja Kiamaiko kuihutubia leo, huua hamu ya kula, na mtu atamezaje baada ya chakula dawa isiyoona chakula? Na mwenye kuitumia amwambie daktari, hata kama hamwambii mkewe.

Habbasoda, shubiri, mizizi ya mganga, chai za majani zinazouzwa misikitini baada ya Ijumaa, zote zitajwe. Hatukatai kwamba Mwenyezi Mungu ameweka manufaa katika mimea. Bali kitu chenye nguvu ya kutibu kina nguvu ya kugongana na kitu kingine, na ini la mgonjwa ni moja. Ama kombe, sisi tumelelewa nalo na hatuna la kupinga dua na ruqya. Lakini mgonjwa wa dawa hizi chembe zake nyeupe za damu huweza kushuka, na maji yasiyochemshwa, yaliyopita katika sahani na wino, yaweza kumletea homa ya kumuua. Msomee juu ya maji yaliyochemshwa. Kisomo hakipungui kwa maji kuwa safi.

Na homa tuitilie mkazo. Mgonjwa wa vidonge hivi akifika nyuzi 38, au akitetemeka kwa baridi, haingojwi asubuhi wala panadoli. Anapelekwa hospitali usiku huo huo, na anatangulia kusema mlangoni, “Mimi natumia dawa ya saratani.” Hali kadhalika kuhara kunakozidi, vidonda vya mdomo vinavyozuia kula, mguu mmoja kuvimba ghafla kwa mwenye kutumia tamoksifeni, kifua kubana. Kwa watumiaji wa kapesitabini, viganja na nyayo zitazamwe kila siku, na akina mama wasipake hina wakati huo bila kuuliza, kwa sababu wekundu ambao muuguzi anautafuta utafichika chini yake. Mzee wetu aliambiwa asitie mikono katika maji ya moto wala kushika kisu kwa muda. Mchinjaji kuambiwa hivyo ni kuambiwa akae njaa. Wenzake wa machinjioni walimgawia fungu lake kila siku kwa wiki saba bila ya kuitisha mkutano wala kupitisha bakuli.

Nyumbani nako kuna adabu zake. Vidonge hivi havivunjwi, havisagwi, havifunguliwi kichupa chake cha jelatini ili vichanganywe na uji, ila kwa dawa ambayo mfamasia amesema huyeyushwa majini na akaonyesha namna. Vumbi lake hudhuru wazima. Anayempa mgonjwa avae glavu au amiminie kwenye kifuniko, na aoshe mikono. Mja mzito asivishike kabisa. Mke na mume walio katika umri wa kuzaa wazungumze na daktari juu ya uzazi kabla, si baada. Nguo zilizochafuka kwa matapishi zifuliwe mbali, na kwa wanaoshiriki choo kimoja cha ploti, mikono ioshwe kwa sabuni kila mara na choo kimwagiwe maji vizuri. Chupa isiwekwe jikoni wala juu ya kabati chini ya mabati, mahali ambapo mchana wa Januari huwa tanuri. Ikae chini, pakavu, pasipofikiwa na watoto, ndani ya chombo chake chenye maandishi. Tuliona nyumba moja vidonge vimehamishiwa mkebe wa peremende kwa sababu chupa “inaogofya wageni.” Wajukuu watatu walikuwa wanaujua mkebe ule.

Anayesafiri, na watu wa Kiamaiko husafiri kwenda kununua mbuzi wakakaa Moyale wiki mbili, achukue dawa za siku zote na zaidi kidogo, mkobani mwake, si kwenye buti la basi. Naye anayekwenda Hija au Umra abebe barua ya daktari.

Tuliulizwa pia swali ambalo katika vitabu vyetu hatukulikuta. Mgonjwa amefariki, ameacha chupa mbili za dawa ghali hazijafunguliwa. Je, zinaingia katika mirathi? Na je, warithi wakizitoa sadaka kwa jirani mwenye saratani watapata thawabu? Tulifikiri siku mbili. Mali ni mali, lakini hii ni mali ambayo hakuna mrithi awezaye kuitumia, na kumpa jirani kipimo kilichopimiwa damu ya mtu mwingine hakuwi wema. Tuliwaambia wazirudishe kliniki au kwa mfamasia, wasizitupe chooni wala jalalani wanapookota watoto. Mjane alirudisha. Alilia kidogo pale dirishani, kwa kuwa alijua ni ng'ombe wangapi waliuzwa.

Ama mzee wetu, baada ya wiki kadhaa alirejeshewa dawa kwa kipimo kidogo, akaumaliza mzunguko wake wa mwisho baada ya Idd. Siku alizokula zile alizihesabu na binti yake kwenye kalenda ya nyakati za Swala iliyokuwa ukutani, na baadaye, daktari alipomruhusu, akazilipa kidogo kidogo, Jumatatu na Alhamisi. Tulikwenda kumwomba radhi. Alikataa kusikia neno hilo kutoka kwa mwalimu, akatuletea maziwa na nyama, akabadilisha mazungumzo.

Mwaka huu, mwezi wa Shaabani, tulikuwa tena Kiamaiko. Baada ya darsa akasimama mbele yetu kijana wa duka, akisema mamake ana vidonge vya saratani na Ramadhani inakaribia, je, afunge? Safu ya watu ilikuwa ndefu kama ile ya zamani. Tukamwambia aketi, atume mtu alete boksi lenyewe, si jina la kukisia. Boksi likaja, tukasoma, tukampigia simu mfamasia wa kliniki ya mamake, naye hakushika. Basi tukamwambia kijana, “Leo hatuna jibu. Kesho kabla ya Adhuhuri tutakwenda pamoja.” Safu ikaanza kunung'unika. Mzee mchinjaji alikuwa nguzo ya pili, ameegemea, mikono yake imepona isipokuwa alama nyeupe kwenye vidole. Akawageukia wenziwe akawaambia, “Mwacheni sheikh aulize.”